Nani Aliyeandika Majina Haya?

Karibu kila anayejaribu kumweleza mtoto kura ya mchujo ya Marekani, ile ambayo chama humchagua mgombea wake kabla ya uchaguzi mkuu wa Novemba, huanza na chakula. Watoto wapige kura wakitaka pitsa au aiskrimu, halafu wachague aiskrimu ya vanila au ya chokoleti, basi, somo limekwisha. Watoto hufurahi, na kupiga kura wanakuelewa, lakini mchujo wenyewe unakuwa umewapita. Aiskrimu haina mpinzani anayeisubiri mwezi wa Novemba. Mimi siku hizi naanzia kwingine kabisa: nawapa karatasi ya kura mkononi na kuwauliza ni nani aliyeandika majina yaliyomo.

Niseme mapema kwamba mimi mwenyewe sipigi kura huku. Naishi Maryland kwa kaka yangu, kibali cha ukaazi ninacho lakini uraia sina, kwa hiyo rais na seneta wa Marekani nawatazama tu kwenye televisheni. Kaka na wifi wakirudi kazini huwa wamechoka, na maswali ya watoto yanamwangukia shangazi. Pengine ni afadhali hivyo, maana asiye na kura hana wa kumpigia debe.

Wiki chache kabla ya mchujo wa Maryland wa tarehe 14 Mei 2024, posta ilituletea sampuli za karatasi ya kura. Ni utaratibu mzuri: mpigakura anatumiwa nyumbani nakala ya karatasi atakayoikuta kituoni, ili ayasome majina kwa utulivu kabla ya siku yenyewe. Zilikuja mbili, ya kaka na ya wifi. Binti yao wa miaka kumi akazilaza mezani bega kwa bega, akaanza kuteremka na kidole. Ya mama yake ilikuwa imejaa. Wagombea urais, orodha ndefu ya wanaotaka useneta, wabunge, wajumbe wa mkutano mkuu wa chama, na bodi ya shule. Ya baba yake ilikuwa na bodi ya shule peke yake. Chini ya hapo karatasi nyeupe tupu.

Akanyanyua uso, ameingiwa na wasiwasi kweli. “Shangazi, Baba ameadhibiwa?”

Hapo ndipo lilipoanzia somo. Baba hakuadhibiwa. Siku alipojiandikisha kupiga kura, kwenye fomu kulikuwa na mahali pa kuchagua chama, naye akaandika kwamba hana chama. Mama aliandika Democratic. Na Maryland ni miongoni mwa majimbo ambayo mchujo wake umefungwa: Wademokrati wanachagua mgombea wa Democratic, Warepublican wanachagua wa Republican, na asiye na chama anasubiri Novemba aletewe majina yaliyokwisha kuchaguliwa na wengine. Bodi ya shule haina mambo ya vyama, ndiyo maana kwa baba ilibaki hiyo tu.

“Kwa hiyo Novemba Baba anapiga, lakini hachagui nani awe kwenye karatasi.”

Nilimwambia kwamba watu wazima wengi hawajaweza kulisema jambo hili vizuri hivyo. Akaendelea: vituo vinafunguliwa kwa pesa za nani? Za serikali, nikamjibu, yaani za kodi. Baba analipa kodi? Analipa. Kaka, aliyekuwa anakoroga chai, akasema bila kugeuka kwamba angependa jibu la swali hilo na yeye. Sikuwa na jibu la kuwaridhisha. Mchujo ni kitu cha ajabu kidogo: ni shughuli ya ndani ya chama, lakini unaendeshwa na maofisa wa serikali, katika majengo ya umma, kwa fedha za umma. Katiba ya Marekani haisemi mchujo wa vyama uendeshweje. Haivitaji hata vyama vyenyewe.

Majimbo mengine yana mipango mingine, na hapa sikukawia, maana mtoto akitajiwa majimbo mengi kwa mpigo anaanza kutazama dirishani. Wisconsin na Texas hazina hata sehemu ya kuandika chama unapojiandikisha. Unafika kituoni unachukua karatasi ya chama unachotaka siku hiyo. New Hampshire asiye na chama anaruhusiwa kuchagua upande mmoja. California tangu 2012 imechanganya wagombea wote wa useneta na ubunge kwenye karatasi moja, na wawili wanaoongoza ndio wanaoingia Novemba, hata wakiwa wa chama kimoja. Kwa urais hata California inabaki na mchujo wa vyama.

Kilichowafanya watoto waelewe kabisa hakikuwa maneno yangu. Kilikuwa ugomvi wao.

Baba yetu alikuwa amekuja kututembelea, na Jumamosi moja watoto wa ukoo wakajaa nyumbani. Nusu walitaka kwenda kuogelea, nusu walitaka kubaki watazame filamu. Mwenye uamuzi alikuwa Babu, na Babu kelele hazitaki. Akasema atamsikiliza mtu mmoja kutoka kila upande, wengine wanyamaze. Nikaona nisiache nafasi hiyo ipite.

Upande wa kuogelea walijitokeza watatu waliotaka kusema kwa Babu. Kaka mkubwa wa watoto wa nyumbani, wa miaka kumi na mitano, mwenye sauti. Yule binti wa miaka kumi, ambaye alikuwa na hoja zake amezipanga kabisa. Na mtoto wa binamu yetu, wa miaka sita, ambaye hakuwa na hoja yoyote. Nikawasimamisha kila mmoja pembe yake ya sebule, nikawaambia wengine waende wakasimame kwa wanayemtaka. Sheria ikawa kwamba pembe yenye watu wachache mno inafutwa, na waliokuwa pale wanahamia kwingine.

Binti wa miaka kumi alibaki peke yake. Akanuna dakika moja, kisha akafanya jambo ambalo sikumfundisha. Alikwenda kwa yule mdogo akamwambia, nitasimama kwako ila umwambie Babu kwamba bwawa linafungwa saa kumi na mbili. Mdogo akakubali. Wenzake wawili waliokuwa wanasitasita wakamfuata, na kaka mkubwa, pamoja na sauti yake yote, akawa ameshindwa.

Wakati huo kundi la filamu walikuwa wanatuchungulia, na mmoja wao akaja kusimama kwenye pembe ya kaka mkubwa. Watoto wakapiga kelele, huyu si wetu! Nikamuuliza kwa nini amekuja. Akasema waziwazi: asubuhi Babu alimgombeza kaka mkubwa kwa ajili ya simu, kwa hiyo akienda yeye kuomba, Babu atakataa. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunieleza vizuri zaidi kwa nini vyama vingine vinafunga milango ya mchujo. Na ubaya wa kuifunga tulikuwa tumeuona mezani, kwenye ile karatasi tupu ya baba yao.

Yule mdogo akaenda kwa Babu. Habari za saa kumi na mbili akazisahau zote. Alisema tu, “Babu, twende,” na mzee akainuka kutafuta viatu.

Sasa nikawa na pa kushika. Kwenye mchujo mtu anabeba maswali mawili kwa pamoja: nani namtaka, na nani atashinda kule mbele kwa watu ambao si wa kundi letu. Mara nyingi majibu yake ni watu wawili tofauti. Kaka mkubwa ndiye aliyekuwa msemaji bora, na hakuna aliyebisha. Lakini kura yake ya mwisho haikuwa mikononi mwa sebule, ilikuwa kwa Babu.

Tena mchezo ule sikuutunga mimi. Wademokrati wa Iowa waliufanya hivyohivyo kwa miaka, katika kumbi za shule na makanisa, majirani wakisimama pembe kwa pembe mbele ya macho ya kila mtu. Kwa kawaida mgombea asiyefikisha asilimia 15 ya waliohudhuria alifutwa, na watu wake wakaanza kubembelezwa na pembe nyingine. Tangu 1972 Iowa ilikuwa ndiyo ya kwanza katika kalenda ya mchujo wa urais, na kwa ajili hiyo jimbo hilo dogo la wakulima likawa linatembelewa na kila anayeota Ikulu. Mwaka 2020 programu ya simu ya kutuma matokeo ilikwama na nchi nzima ikangoja siku kadhaa. Mwaka 2024 Wademokrati wa huko waliacha kusimama pembeni wakatumia kadi zilizotumwa kwa posta. Warepublican wao huandika jina kwenye kipande cha karatasi. Watoto walisikitika kusikia pembe zimekwisha.

Kuna sehemu ya historia ambayo vitabu vya watoto huiruka, na mimi nadhani ndiyo inayofaa kuanziwa. Zamani majina yaliandikwa na wakubwa wa chama, wamejifungia chumbani. Wisconsin, kwa msukumo wa Robert La Follette, ilikuwa jimbo la kwanza kuweka sheria ya jimbo zima kwamba wapiga kura wenyewe ndio wachague wagombea. Sheria hiyo ilipitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1904. Lakini kwa urais wakubwa waliendelea kushika kalamu. Mwaka 1912 Theodore Roosevelt alishinda michujo mingi ya Republican, na bado mkutano mkuu wa Chicago ukampa uteuzi William Taft. Roosevelt akatoka akaunda chama chake, kura zikagawanyika, na aliyeshinda Novemba akawa Woodrow Wilson wa Democratic.

Hata mwaka 1968 Hubert Humphrey aliteuliwa na Democratic bila kushindana katika mchujo wowote. Robert Kennedy alikuwa amepigwa risasi Los Angeles usiku uleule aliotangazwa mshindi wa California, na mkutano mkuu ukafanyika Chicago huku polisi wakiwapiga waandamanaji barabarani. Baada ya aibu ile chama kiliandika kanuni upya, na kuanzia 1972 kura za watu wa kawaida ndizo zilizoanza kuamua. Kwa hiyo mfumo huu ambao watoto wanaelezwa kana kwamba ni wa tangu enzi za George Washington, kwa upande wa urais una umri wa mama yangu mdogo.

Lakini kisa kilichowanyamazisha watoto ni cha Texas. Kule, mpaka miaka ya 1940, Democratic ndiyo iliyokuwa ikishinda karibu kila kitu, kwa hiyo aliyeshinda mchujo wake alikuwa ameshashinda. Na chama hicho kilisema wazi kwamba wanachama wake ni Wazungu tu. Mtu mweusi mwenye haki zote za kupiga kura Novemba alizuiwa kwenye ule mchujo ambao ndimo mambo yalimoamuliwa. Daktari wa meno wa Houston, Lonnie Smith, alinyimwa karatasi ya mchujo mwaka 1940, akashtaki. Mmoja wa mawakili wake alikuwa Thurgood Marshall, ambaye baadaye, mwaka 1967, akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu. Utetezi wa upande wa pili ulikuwa kwamba chama ni kama klabu ya watu binafsi, kina hiari ya kuchagua wanachama wake. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu ilikataa: mchujo ni sehemu ya uchaguzi, na hakuna wa kufungiwa nje kwa sababu ya rangi yake.

Binti wa miaka kumi aliwaza kidogo. “Kwa hiyo waliwaachia Novemba kwa sababu Novemba haikuwa na kazi.”

Ndiyo, mwanangu. Ndiyo hivyo hasa.

Na mambo ya namna hiyo, ukiondoa rangi, hayajaisha. Maryland haijampeleka Mrepublican katika Seneti tangu Charles Mathias aliposhinda mwaka 1980. Kwa hiyo ule mchujo wa useneta wa Democratic wa Mei 2024, kati ya Angela Alsobrooks na David Trone, watu wengi waliutazama kama ndio mechi yenyewe. Trone alikuwa mbunge na mfanyabiashara tajiri, akamwaga zaidi ya dola milioni 60 za mfukoni mwake. Hapa kwetu kila ukiwasha televisheni ulimkuta. Alsobrooks akamshinda, na Novemba akamshinda pia Larry Hogan, aliyekuwa gavana wa Republican na mwenye kupendwa. Watoto walipenda sehemu ile ya pesa kutofua dafu. Niliwaonya wasiizoee, si kila mwaka inatokea.

Wanaojitokeza kwenye mchujo pia ni wachache, na hili wanalihesabu wenyewe haraka. Juni 2018, katika eneo la ubunge la Bronx na Queens lenye watu kama laki saba, waliopiga kura ya mchujo wa Democratic hawakufika 30,000. Kura hizo chache zilimwangusha Joe Crowley, mmoja wa viongozi wa juu wa chama bungeni, zikampandisha Alexandria Ocasio-Cortez ambaye alikuwa hajulikani. Miaka minne kabla yake, Virginia, Warepublican walimwangusha Eric Cantor, aliyekuwa kiongozi wa wabunge walio wengi.

Wajumbe ndio mtihani, na nakiri hapo hakuna njia ya kupamba. Kura ya mchujo wa urais haimchagui mgombea moja kwa moja. Inagawa wajumbe wanaokwenda mkutano mkuu. Mwaka 2024 Republican ilikuwa na wajumbe 2,429, kwa hiyo mshindi alihitaji 1,215. Democratic hugawa wajumbe kulingana na kura, mradi umefikisha asilimia 15. Republican katika baadhi ya majimbo humpa wa kwanza wote. Nikifika hapo huwa nakimbilia 2008, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna asiyependa habari za 2008.

Barack Obama alishinda Iowa tarehe 3 Januari. Siku tano baadaye Hillary Clinton akashinda New Hampshire, na wakaendelea hivyo jimbo kwa jimbo mpaka Juni, wakisemana maneno makali, kila mmoja akihesabu wajumbe kuelekea 2,118. Watoto wakauliza swali ambalo huulizwa na kila mtoto: kwani hao si wa timu moja? Wa timu moja, ndiyo. Ndiyo maana ilipokwisha Clinton alimuunga mkono, na Obama alipoingia Ikulu akamfanya Waziri wa Mambo ya Nje. Mtoto wa miaka sita alisema yeye asingempa kazi mtu aliyemsema vibaya. Mjadala huo uliendelea mpaka wakati wa kulala.

Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 21 Julai 2024. Joe Biden, aliyekwisha kushinda mchujo na kupata karibu wajumbe wote, akajitoa. Wiki mbili hivi baadaye wajumbe wakampigia Kamala Harris kwa njia ya mtandao, na alikuwa hajasimama kwenye mchujo wowote wa urais mwaka ule. Binti akaja na ile sampuli ya Mei, aliyokuwa ameihifadhi kwenye daftari lake. “Jina la Kamala halimo hapa, Shangazi. Kura ya Mama imekwenda wapi?”

Nilimjibu kwa kanuni: kura ya mama ilichagua wajumbe, na waliyemtumikia akijitoa, wao wanabaki huru kuchagua. Chama hakikuvunja sheria yake. Akasema hajauliza kama wamevunja sheria. Basi nikamwambia ninavyoona mimi: siku ile kalamu ilirudi kwa watu wachache, na muda wa kuwauliza wote ulikuwa hautoshi, na mtu anaweza kuyakubali yote mawili bado akakereka. Kukereka ni halali. Mama yake, ambaye kura ilikuwa yake, alisema yeye hakukereka hata kidogo, na wakabishana hapo mbele yangu.

Sasa zamu ni ya kaka mkubwa. Mwaka 2026 Maryland inachagua gavana, yeye wakati wa mchujo atakuwa na miaka kumi na saba, na kumi na minane anaifikisha kabla ya Novemba. Jimbo hili, kama Virginia na Ohio, linamruhusu wa umri huo kupiga kura ya mchujo. Kujiandikisha kunaanza na miaka kumi na sita, kwa hiyo fomu anayo tayari, imejazwa jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa. Pale kwenye chama bado hajaandika kitu. Baba yake anasema asijifunge na mtu. Mama yake anasema asiyejifunga anapewa bodi ya shule. Mwenyewe ameniuliza kama inafaa aandike chama asichokipenda sana, kwa kuwa ndicho chenye mchujo wenye maana hapa kwetu, na nimemwambia wapo watu wazima wengi wanaofanya hivyo, ila asichelewe, maana kubadilisha chama hufungwa wiki tatu kabla ya mchujo.